Mwenzako hapati usingizi? Msimulie usiku mmoja wa Mombasa

Watoto wakishalala, nyumba nyingi hubaki na watu wazima wawili walio macho. Mmoja anapiga hesabu ya kodi na ada za shule, mwingine anaperuzi simu. Tumezoea kuona hadithi za kulalia ni za watoto, lakini mtu mzima naye hutulizwa na sauti anayoizoea.

Kazi ni kupata la kusimulia. Habari za siku huleta ubishi. Ngano tupu nazo humchosha mtu mzima, akaona anafanywa mtoto. Jaribu kuchukua tukio dogo la kweli la zamani, kisha ulijaze kwa fikra zako.

Kwa mfano, mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita Mombasa akielekea Kilwa. Alilala hapo usiku mmoja tu. Katika masimulizi ya safari zake anaeleza kuwa chakula cha wenyeji kilikuwa ndizi na samaki, na misikiti yao ilijengwa kwa mbao. Mlangoni mwa msikiti palikuwa na kisima kifupi, na maji yalitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba, mfano wa kata. Anayetaka kuingia aliosha miguu, akaifuta kwenye mkeka mnene.

Hiyo ndiyo historia. Sasa ongeza ya kwako: ubaridi wa maji miguuni baada ya siku nyingi baharini, harufu ya samaki wa kuchoma, upepo kwenye minazi. Hakuna vita wala deni, hakuna anayefukuzwa. Mgeni ananawa, anakula, analala.

Kadiri unavyoendelea, punguza sauti na ufupishe sentensi. Usimuulize, "Unanisikia?" Akilala kabla ya mwisho, hadithi imefanya kazi yake.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, usimsingizie Ibn Battuta maneno ambayo hakusema. Maneno ya kubuni mpe mtu asiye na jina, mvuvi au mama muuza ndizi, na useme wazi, "Hapa sasa nabuni." Usipotenganisha, kesho mwenzako atayapeleka barazani kama kweli, na keshokutwa mtoto aliyesikia ataandika hivyo kwenye mtihani.

Pili, pwani hiyohiyo ilijua biashara ya watumwa. Kuchagua usiku mtulivu hakufuti hayo. Yazungumzeni mchana, watu wakiwa macho, na watoto wayajue. Lakini usimwambie mwenzako kwamba zamani kila mtu aliishi kwa raha. Huo utakuwa uongo, hata ukisemwa kwa sauti ya upole.

Kama hukukulia pwani, ulizia ya kwenu: kisima cha zamani, soko la zamani, njia waliyopita wasafiri. Wazee wangali wapo, na wengi wao hufurahi kuulizwa.

Usingizi ukikosekana wiki baada ya wiki, nendeni hospitali. Hadithi si dawa ya maradhi. Lakini kwa uchovu wa kawaida, leo usiku wekeni simu mbali na kitanda, na mmoja wenu aanze: "Hapo zamani, chombo kilitia nanga Mombasa..."