Mtoto wa ndugu hahesabiwi kwenye kodi: wabunge wa Tshopo waguse sheria hii

Katika nyumba nyingi za Mangobo, Kabondo au Lubunga, mwenye mshahara ni mmoja, na wanaokula jioni ni kumi au kumi na wawili. Kuna watoto wake, kuna wa marehemu kaka yake, kuna mdogo wa bibi yake anayesoma UNIKIS. Tangu 2023, vita vya Wambole na Walengola vilipofukuza watu makwao, nyumba hizo zimepokea wengine tena.

Kodi ya mishahara, ile tuliyoizoea kwa jina la IPR, ilikuwa inaona wachache tu kati yao. Sheria ya tarehe 10 Februari 1969 ilipunguza kodi kwa asilimia 2 kwa kila mtu aliyetunzwa na mlipaji, na hesabu iliishia kwa watu 9. Waliokubaliwa ni mwenzi wa ndoa, watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, wawe wa kuzaa au wa kupewa na mahakama, pamoja na wazazi wa pande zote mbili wanaoishi humo nyumbani. Mtoto wa kaka hakuwamo.

Tupige hesabu. Chini ya IPR, mtu aliyetozwa kodi juu ya franka 600.000 kwa mwezi alilipa asilimia 3 kwa zile 162.000 za kwanza na asilimia 15 kwa zinazobaki, yaani 70.560. Mtoto mmoja alimpunguzia franka 1.411. Ni kidogo, tukubali. Lakini mwenye watoto wanne wa marehemu alikosa zaidi ya franka 67.000 kwa mwaka, na Septemba, wakati wa daftari na viatu vya shule, hizo si pesa za kutupa.

Tutaambiwa: aende mahakamani, awachukue kisheria. Njia hiyo iko katika sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016. Lakini nani kwetu aliwahi kuomba hukumu ili amlaze mtoto wa ndugu yake? Mtoto huyo anamwita baba mdogo tangu azaliwe. Wengine wanaona hata vibaya: kumfanya awe wako mbele ya hakimu ni kama kufuta jina la marehemu.

Watu wa kodi nao wanaogopa udanganyifu, na hawakosei. Kuna watakaoandikisha watoto wa jirani. Ila kikomo cha watu 9 kilikuwapo tayari, na hatuombi kiongezwe. Tunaomba karatasi ya komini, yenye sahihi ya shefu wa kartye anayejua nani analala wapi, iambatane na cheti cha kifo cha mzazi, na ifanywe upya kila mwaka.

Liwali hawezi kubadili jambo hili, wala bunge la jimbo, maana kodi ya mishahara ni ya taifa. Ni kazi ya wabunge tuliowatuma Kinshasa, na kikao cha bajeti kinafunguliwa kila tarehe 15 Septemba. Hatujasikia mmoja wao akiligusa.

Kwa sasa, wazazi waandikishe watoto wao komini ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Bila cheti cha kuzaliwa, hata mtoto wako wa damu mwajiri hana namna ya kumhesabu.