SS: kupima mimba mbele iingie tumboni?

Hapa Katindo familia nyingi zinajua SS: mutoto analia mifupa usiku, asubuhi tunatafuta damu, na franga za machimboni zinaishia hospitali. Congo ni kati ya inchi tatu zenye kuzaa batoto wengi zaidi wa SS duniani, pamoja na Nigeria na India.

Dawa ya kisasa iko. Ndani ya labo wanakutanisha mayai ya mama na mbegu za baba, wanapima seli, kisha wanaweka tumboni ile mimba changa isiyo na SS. Madaktari wa New York walitangaza mimba ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1999. Lakini bei ni maelfu ya dola. Nani, hata mwenye shimo lake?

Sisi tunauliza kwanza: nani anajua kama yeye ni AA ao AS? Bwana AS na bibi AS, wote wazima, kila mimba yao inaweza kuleta SS, mara moja juu ya ine. Kipimo cha damu mbele ya ndoa, elektroforezi, kingewaambia. Na wakwe wenye kusema «ni bibi alileta ugonjwa»: SS inatoka kwa baba na mama, sawasawa. Bibi anafukuzwa, bwana anaoa mwengine bila kupima, pengine naye AS.