Kampuni ni mtu wakati wa kudai. Wakati wa kujibu, ni karatasi

Sheria inasema kampuni ni mtu. Katika inchi 17 za OHADA, ambamo DRC iliingia mwaka 2012, kampuni inapoandikishwa katika daftari la biashara, RCCM, inapata utu wa kisheria. Toka siku hiyo inaweza kununua kiwanja, kufungua konti kwenye benki, kutia sahihi mkataba na kushitaki kwa jina lake yenyewe.

Jambo hilo lina faida. Mfanyakazi asiyelipwa au mkulima aliyeharibiwa shamba anajua nani wa kushitaki, hata kama wakubwa wa sosiete wamebadilika mara 10. Swali ni lingine: je, mtu huyu wa karatasi apewe haki sawa na mtu wa damu na nyama? Wakaaji wa Kilwa, kando ya ziwa Moero katika Haut-Katanga, wana jibu.

Mwezi wa 10 mwaka 2004, kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Jeshi la FARDC lilirudisha mji huo, na zaidi ya watu 70 walikufa, kufuatana na uchunguzi wa MONUC. Kampuni Anvil Mining, iliyokuwa ikichimba shaba na feza Dikulushi na kupitishia mali yake Kilwa, ilitoa motokari na ndege iliyosafirisha askari. Anvil ilikana kosa. Ilisema jeshi liliiamuru kutoa vyombo hivyo.

Mwaka 2007, tribinali ya jeshi ya Lubumbashi iliwaachilia askari juu ya mauaji ya Kilwa, pamoja na wafanyakazi 3 wa Anvil. Familia zikatafuta haki Kanada. Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2012, mahakama ya rufaa ya Québec ikasema haina uwezo wa kusikiliza kesi hiyo. Sababu moja: ofisi ya Anvil ya Montréal ilifunguliwa mwaka 2005, baada ya mauaji. Mahakama kuu ya Kanada ikakataa kuisikiliza mwaka uleule. Hivi mlango wa Kanada ukafungwa, pasipo kesi yenyewe kuchunguzwa.

Mwezi ule ule wa kwanza 2012, kampuni nyingine ilikuwa inafurahi. First Quantum ya Kanada ilikuwa imenyanganywa mradi wake wa Kolwezi mwaka 2009. Ilishitaki Kongo mbele ya waamuzi wa biashara huko Paris. Mambo yakaisha wakati ENRC, kampuni ya London iliyoingia katika mradi huo, ilipokubali kulipa dola bilioni 1.25.

Pengine First Quantum ilikuwa na haki. Hakuna atakayeleta mali yake mahali ambapo serikali inaweza kuinyanganya bila kulipa, na wawekezaji wana sababu ya kudai ulinzi. Lakini mizani inaonekana wazi: aliyepoteza mgodi alipata mahali pa kusikilizwa, aliyepoteza mtoto alifungiwa mlango.

Mwaka 2017, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi wake: DRC iwalipe watu 8 wa Kilwa dola milioni 2.5, na uchunguzi ufunguliwe upya. Lakini Tume huhukumu serikali, si kampuni. Deni likabaki kwa hazina ya raia. Anvil yenyewe ilikuwa imekwisha kununuliwa na Minmetals mwaka 2012. Mtu wa karatasi anaweza kuuzwa na kubadili jina. Hafungwi gerezani, wala hazikwi.

Ndiyo maana haki zake haziwezi kuwa sawa na zetu. Kampuni ilindwe katika mali na mikataba yake, basi. Uhai, uhuru na heshima ya mwili ni vya binadamu, na vinapashwa kuwa mbele ya faida.

Tena, anayepewa utu apewe na mzigo wake. Mahakama ya ICC inahukumu binadamu peke yao. Kampuni haifiki mbele yake. Itifaki ya Malabo ya mwaka 2014, katika kifungu cha 46C, ingewezesha mahakama ya Afrika kuhukumu kampuni, lakini inangoja inchi 15 ziikubali. Kinshasa, ambayo raia wake wameumia zaidi, ingepashwa kuwa mbele. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema tayari kwamba mwenye mgodi analipa hasara iliyoletwa na kazi yake, hata bila kosa. Inabaki avoka wa wanyonge na waamuzi wasioogopa.

Siku mjane wa Kilwa atakaposikilizwa kama vile mwenye mgodi wa Kolwezi alivyosikilizwa, hapo ndipo swali la haki za kampuni linaweza kuulizwa kwa utulivu. Kabla ya hapo, anayedai usawa si raia wa Kilwa. Ni yule aliyekwisha kumpita.