Usikope ili uonekane mkubwa

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo somo linatoka kwenye filamu. Msiondoke kwanza, linahusu mtaji.

Wengi tunamjua Amil Shivji kwa Vuta N'kuvute, ile filamu iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Mwaka 2021 ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada. Mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Ukiishia hapo utadhani jamaa kaibuka tu.

Sasa rudi nyuma uhesabu. 2013 alitoa Shoeshine, filamu fupi ya dogo mpiga kiwi hapa hapa Dar. 2014 ikaja Samaki Mchangani, nayo fupi. Filamu ndefu, T-Junction, imekuja 2017. Kutoka kwa mpiga kiwi mpaka Toronto ni miaka 8. Hata Bong Joon-ho wa Korea Kusini, filamu yake ndefu ya kwanza, ya mwaka 2000, haikuuza. Oscar 4 za Parasite zimekuja 2020.

Tuje kwetu. Mtu ana wiki mbili tangu afungue ukurasa, kashachukua kausha damu ashushe mzigo mkubwa Kariakoo ili aonekane ana duka. Mzigo hautoki, rejesho linadaiwa kila siku. Mwisho inachukuliwa simu yenyewe anayouzia.

Mimi nilianza na pea 6 za raba za mtumba, Tandika. Nikauza, nikazungusha hela, nikachukua 12. Zile pea 6 ndiyo filamu yako fupi. Zinakufundisha wateja wanauliza nini, saizi gani inatoka haraka, bodaboda wa kupeleka Mbagala au Tegeta anakula shilingi ngapi. Ukibugi, hasara ni ya pea 6, hulali na deni.

Kuna atakayesema bila mkopo hutoboi. Sipingi mkopo. Ila kopa ukishajua mzigo wako unaisha kwa siku ngapi, halafu linganisha na siku za marejesho. Kama rejesho linafika kabla mzigo haujatoka, achana nao, hata kama wanakuahidi hela ndani ya dakika tano.

Wewe ulianza na shilingi ngapi? Weka kwenye komenti, kuna mdogo wetu leo anataka kwenda kukopa, asome kwanza.