Kabureta ya mashindano haibebi viazi

KWA mkulima au mfanyabiashara mdogo mwenye pikapu ya zamani ya petroli, kabureta ni kifaa kinachoamua kila siku ni kiasi gani cha faida kitaishia barabarani. Inashangaza basi kwamba wengi huinunua kwa kusikiliza sifa za vijiweni badala ya kupiga hesabu. Mwenye gari huambiwa injini imechoka, afunge kabureta kubwa “ya mashindano” na gari litapanda mlima kama jipya. Fedha ya mbolea inaishia gereji.

Sifa hizo zina historia yake. Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari Rally mwaka 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer, na Shekhar Mehta akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun. Watu wa Afrika Mashariki waliona magari yanayofanana na ya mitaani yakiwapiku wageni, wakaamini siri yote imo ndani ya boneti. Wanachosahau ni kwamba gari la mashindano lilifuatwa na mafundi na spea njiani, na bili ya petroli haikutoka mfukoni mwa dereva. Msafirishaji wa viazi hana bahati hiyo.

Ni vyema ikaeleweka kabureta inafanya nini. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa ikipita kwenye koo jembamba hukimbia, na kasi hiyo ndiyo inayovuta petroli kutoka kwenye jeti. Koo likiwa pana mno huku injini ikizunguka polepole, hewa hupita kwa uvivu, petroli huingia kwa matone badala ya ukungu, na gari hukohoa likiwa na mzigo.

Injini ya lita 2 ya mapigo manne hunyonya nusu ya ujazo wake kila mzunguko. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kasi ya kawaida ya pikapu yenye mzigo, hewa inayoingia haizidi lita 3,000 kwa dakika. Kabureta inayoweza kupitisha maradufu ya kiasi hicho haiongezi chochote kwa kasi hiyo.

Kwa kipimo hicho, zilinganishwe. Weber DCOE, zile zinazolazwa ubavu, hutoa koo moja kwa kila silinda. Kwenye injini ya silinda nne zinahitajika mbili, na ni lazima zilinganishwe sawasawa. Nguvu yake hasa huonekana injini ikizunguka kwa kasi kubwa, mahali ambapo gari la mizigo hufika mara chache.

Weber 32/36 ni nyingine kabisa. Koo lake la kwanza lina upana wa milimita 32 na hufanya kazi nyingi za kila siku. La pili, la milimita 36, hufunguka dereva anapokanyaga zaidi. Jeti zake hubadilishwa kwa bisibisi. Kasoro yake ni kwamba koo la pili hufuata mguu wa dereva, hivyo mwenye mguu mzito atalipa.

Kabureta nyingi za asili za pikapu za Kijapani nazo zina makoo mawili, lakini la pili mara nyingi hufunguliwa na mvuto wa injini yenyewe, pale tu inapohitaji hewa zaidi. Zikiwa nzima ni za kubana matumizi. Tatizo lake ni mipira inayopasuka na mabomba madogo ambayo fundi asiye na subira huyaziba.

Aidha, kuna suala la mwinuko. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Injini iliyorekebishwa pwani, ikifika huko, hupata petroli nyingi kuliko hewa: moshi mweusi, plagi nyeusi, na oili inayooshwa kwenye kuta za silinda. Kabureta kubwa haiongezi uzito wa hewa ya mlimani. Hata hivyo, aliyepunguza jeti Njombe kisha akashuka pwani na mzigo anahatarisha vali kuungua. Kwa gari linalopanda na kushuka, jeti ipimwe kwa ajili ya pwani.

Chukua mfano wa pikapu inayokwenda kilometa 200 kwa siku. Ikitumia lita moja kwa kilometa 8, inahitaji lita 25. Ikishuka hadi kilometa 7, inahitaji zaidi ya lita 28. Kwa siku 25 za kazi, tofauti ni karibu lita 90 kwa mwezi. Hiyo ni gharama isiyoandikwa kwenye risiti ya kabureta.

Hivyo basi, kabla ya kununua, mwenye gari aanze na vitu vya bei ndogo: chujio la hewa, plagi, taimingi, kimo cha boya na uvujaji wa hewa kwenye gasketi. Ajaze tenki, aandike kilometa, ajaze tena baada ya safari tatu. Kabureta ya asili ikiwa bado nzima, aifanyie sevisi. Ikiwa imekufa, 32/36 halisi ni chaguo la busara kuliko nakala ya bei chee au jozi ya mashindano. Fundi naye aandike namba za jeti alizofunga na kumkabidhi mteja.

Anayekataa kuandika namba hizo hapaswi kukabidhiwa gari ambalo familia inalitegemea kwa ada ya shule.