Kabla ya kununua kamera ya kwanza



Tangu kiangazi kianze, swali moja limetufikia kutoka vikundi zaidi ya kimoja. Likelemba imefika, wanachama wamekubaliana kununua kamera moja ya kikundi, binti zao wapige picha za ndoa, ubatizo na sherehe za diploma, pesa irudi. Sasa wanauliza: tununue ipi?

Sisi wenyewe tulishajikwaa hapo. Tulinunua kamera kwa haraka, kubwa, nyeusi, yenye mkanda mzuri wa shingoni. Muuzaji aliiwasha, akapiga picha moja mbele yetu, tukalipa. Jumamosi iliyofuata, kwenye ndoa, betri ilikufa kabla bibi arusi hajafika altareni. Na zile picha chache tulizopata zilikuwa na madoa, mahali palepale kila picha. Familia ilikuwa imetulipa nusu mbele. Tuliwarudishia, tukaomba msamaha. Pesa ile ilikuwa ya kulipia masomo ya watoto wa wanachama wawili. Kwa hiyo leo tunawaandikia tuliyojifunza kwa hasara.

Kwanza, jiulizeni kama kazi ipo. Kwa picha za nje, mchana, simu nzuri inatosha kuanzia, na binti anaweza kujifunza nayo kupanga watu na kutazama mwanga. Kamera kubwa inahitajika pale mteja anapotaka picha ya kutundika ukutani, pale kanisa lina giza, au pale mpiga picha hawezi kusogea karibu. Kama hamna hata mteja mmoja aliyewaita, subirini kidogo.

Kamera tunayozungumzia ina kioo ndani. Ukiweka jicho, unaona kupitia lenzi yenyewe, na lenzi hiyo inatolewa na kubadilishwa. Kampuni kubwa, Canon na Nikon, siku hizi zinatengeneza zaidi kamera zisizo na kioo, basi hizi za kioo zinauzwa kwa wingi zikiwa zimetumika, kwa bei iliyoshuka. Kwetu wanaoanza hiyo ni bahati. Canon EOS 2000D na Nikon D3500, zote za mwaka 2018, zina pikseli milioni 24. Hata Nikon D3200 ya mwaka 2012 ina milioni 24. Muuzaji akiwasifia pikseli peke yake, mwambieni asante, tuangalie mengine.

La kwanza kati ya hayo mengine ni betri, kwa sababu umeme wetu mnaujua. Kwa vipimo vya watengenezaji, betri ya D3500 ikijaa hupiga kama picha 1,550, ile ya 2000D kama 500. Vyovyote vile, nunueni betri mbili na kadi mbili za kumbukumbu. Betri moja ikilala, ndoa haisubiri.

La pili ni lenzi. Kamera nyingi za kuanzia huja na lenzi ya 18-55, inayotosha kwa watu wa familia waliosimama nje. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo inashindwa, picha inatoka na ukungu wa kutikisika. Dawa yake ni lenzi ndogo ya 50 yenye alama f/1.8. Inapokea mwanga karibu mara kumi kuliko ile ya 18-55 ikivutwa mpaka mwisho, na kati ya lenzi zote ni moja ya zile za bei nafuu. Angalizo kwa wa Nikon: D3500 na ndugu zake wadogo hawana mota ya kulenga ndani ya mwili. Lenzi iwe na maandishi AF-S au AF-P, la sivyo itabidi kulenga kwa mkono kila picha.

Kwa hiyo msimalize likelemba yote kwenye mwili wa kamera. Mwili wa zamani wenye lenzi nzuri utawalipa haraka kuliko mwili mpya usio na kitu.

Mkifika mbele ya muuzaji, fanyeni hivi, polepole, bila aibu:

1. Wekeni kadi yenu wenyewe. Wekeni f/16, pigeni picha ya anga au ukuta mweupe, kisha ikuzeni kwenye kioo cha nyuma. Doa linalorudi mahali palepale ni uchafu ndani ya kamera. Hilo ndilo lililotupata.

2. Toeni lenzi, itazameni kuelekea mwanga. Mkiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iacheni.

3. Bonyezeni kitufe nusu, mkilenga kitu cha karibu kisha cha mbali. Lenzi ilenge yenyewe bila kuhangaika.

4. Fungueni menyu, tafuteni Kifaransa. Baadhi ya kamera zilizouzwa Japani hazina.

5. Kwa Nikon, idadi ya picha zilizokwishapigwa huandikwa ndani ya faili ya picha yenyewe. Pigeni moja, mpelekeeni anayejua kompyuta aisome. Pazia la ndani la D3500 limepimwa kwa picha 100,000. Ikikaribia hapo, bei ishuke.

6. Chomekeni chaja, muone betri inapokea. Kisha ombeni risiti yenye jina na siku chache za kujaribu. Akikataa vyote viwili, ondokeni.

Mkiweza, nendeni na mpiga picha wa mtaani kwenu, mumlipe kwa saa yake. Ni gharama ndogo mbele ya ile tuliyolipa sisi.

Kamera ikifika nyumbani, adui wake ni vumbi. Malori ya madini yanapita, kiangazi hakina mvua, na lile vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya sufuria. Msibadilishe lenzi barabarani. Ingieni ndani, funga mlango, kamera itazame chini, badilisha upesi. Mfuko uwe wa kufungwa kwa zipu.

Jambo lingine hakuna muuzaji atakayewaambia. Kamera ikijipimia mwanga, inatafuta wastani. Ikiona gauni jeupe na ukuta mweupe, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bibi arusi wetu unazama gizani. Kamera haijaharibika. Tafuteni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, pandisheni mpaka +1, piga tena, tazama uso kwanza, kisha tazama kama gauni bado linaonyesha mikunjo yake. Binti afanye zoezi hilo nyumbani, na shangazi aliyevaa nguo nyeupe, kabla ya kuchukua pesa ya mtu.

Kikundi nacho kiwe na daftari: nani anatunza kamera, nani ameitoa, ngapi imeingia, ngapi inawekwa kwa matengenezo. Tena waambieni binti zenu wasipige picha za askari, uwanja wa ndege wala machimbo yenye walinzi bila ruhusa. Kamera inaweza kuchukuliwa siku moja na jasho lenu lote.

Tunasema haya yote kwa sababu tunataka mfaulu. Picha za Kolwezi zinazozunguka dunia ni za mashimo na watoto waliobeba magunia. Hayo yapo, hatuyafichi. Ila nani ataweka picha ya nyanya akicheza ndoa ya mjukuu, au ya mama aliyemaliza masomo ya kusoma na kuandika? Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alichukua watu wa picha za zamani za wakati wa Union Minière akawasimamisha juu ya picha mpya za viwanda vilivyochakaa, na dunia ikatazama. Pamela Tulizo wa Goma anapiga picha za wanawake wa kwao, na mwaka 2020 alipata tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana. Binti zetu nao wana macho.

Kikundi kitakachonunua, kituletee picha moja. Tutaiweka hapa, na jina la aliyeipiga chini yake.