Hakufungwa kamba, lakini kutoka hawezi peke yake

Kila habari ya nabii aliyewamalizia waumini mali inapofika Kahama, Katoro au Shinyanga mjini, hukumu huwa ileile: amejitakia, nani kamfunga kamba, si angetoka? Husemwa kijiweni, husemwa kwenye kikao cha ukoo, na wakati mwingine husemwa na mtendaji ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko. Ina sura ya busara, kwa kuwa inamtaka mtu mzima abebe mzigo wa maamuzi yake. Mimi nasema hukumu hiyo ni ya uongo, tena ni uongo wenye madhara, kwa sababu inamfanyia nabii kazi yake. Muumini anayepima kama aondoke au abaki, akijua kwamba nyumbani anangojwa na kicheko, ameongezewa sababu ya kubaki.

Ajabu ni kuisikia hukumu hiyo Usukumani, ambako watu wanajua kuliko wengi kwamba binadamu hushikwa bila kamba. Sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi wa vijiji, lilipoanza maeneo ya Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla Serikali haijalitambua kisheria mwaka 1989, watu hawakuogopa pinde na mishale peke yake. Waliogopa kutengwa. Aliyekaidi uamuzi wa kijiji hakusalimiwa, hakusaidiwa shambani, hakupewa moto wala maji, na msiba ukimfika alijua atazika mwenyewe. Watu wazima wenye ng'ombe na mashamba yao walilipa faini wasizokubaliana nazo moyoni ili warudishwe kundini, na hakuna aliyewaita wajinga, kwa sababu kila mmoja alijua maana ya kuishi bila watu. Sasa kundi la dini likimwambia muumini kwamba akitoka hatasalimiwa wala kuzikwa, na juu ya hayo Mungu naye atakuwa amemtupa, kwa nini tumdai ujasiri ambao hatukuwadai wazee wetu?

Ukanda wa dhahabu unaliongezea jambo hili uzito. Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Kakola zimejengwa na watu waliofuata rashi ya dhahabu kutoka kila kona ya nchi. Mtu anafika kambini hana shangazi wala mjomba. Anashuka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, analipwa viroba vya mawe, anavipeleka karasha kusagwa, na pengine baada ya kuosha kwenye mialo anajikuta hana kitu cha kupima kwenye mzani. Siku hiyo anayemkopesha nauli, anayemkalisha kitako akiumwa malaria, anayechangisha jeneza la mwanawe, ni ndugu wa kanisani. Kundi linalokuja kumtawala mtu huanza kwa kumtunza, na kumtunza huko ni kwa kweli. Ndiyo maana anayebezwa na watu wa nje huwaona wao ndio wasioelewa. Hatua inayofuata hutangazwa madhabahuni: kukwama kwako kuna sababu, na sababu iko kwenye ukoo wako. Bibi yako amekufunga. Mama yako mdogo anakula nyota yako. Katika mikoa ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, maneno hayo yanaweza kumwaga damu. Hata pasipomwagika damu, yamekwisha kukata njia ya kurudi nyumbani, kwa sababu mtu hatoroki kwa nabii akakimbilie kwa mchawi wake.

Kisha kuna mali. Fungu la kumi linafuatwa na malimbuko, malimbuko yanafuatwa na kupanda mbegu, na mwisho inakuja sadaka ya kujimaliza, ambayo jina lake linajieleza. Watazamaji hudhani kila shilingi inayopotea inamsogeza mtu mlangoni. Kwa kawaida humrudisha ndani. Mchimbaji aliyeuza ng'ombe wote akazamisha fedha kwenye duara haliachi kirahisi hata likimwonyesha mwamba mtupu, maana kuliacha ni kukiri kwamba ng'ombe wamekwenda bure. Ndivyo alivyo muumini aliyetoa kiwanja. Akitoka leo, kiwanja kimeliwa. Akibaki, bado kuna ahadi. Maji ameshayavulia nguo.

Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, inaonyesha mambo haya yanavyosukana. Wafuasi wa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu, iliyoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, waliuza mali wakakabidhi fedha kwa viongozi. Walikatazwa mazungumzo ya kawaida, wakawa wanaelekezana kwa ishara za mikono, na watu wasiozungumza hawawezi kuulizana kama kila mmoja ana shaka. Waliahidiwa kwamba dunia itakwisha mwaka 1999 ukimalizika. Haikwisha, na baadhi wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 jengo lao la ibada liliteketea likiwa na mamia ya watu ndani, milango na madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari, na baadaye mamia ya miili ikafukuliwa kwenye makazi ya kundi hilo. Anayetafuta kamba ataiona misumari. Lakini misumari ilikuja mwisho. Kabla yake watu walikwisha kunyang'anywa ardhi, fedha, mazungumzo na jamaa, na kwa miaka hiyo yote jirani aliyepita njiani angeweza kuapa kwamba hawakufungwa.

Shakahola inaongeza funzo lingine. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, walikoishi wafuasi wa Paul Mackenzie waliohubiriwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Uchunguzi wa kitabibu ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa, na kwamba wengine, wakiwemo watoto, walinyongwa au kuzibwa pumzi. Zaidi ya hapo, baadhi ya waliookolewa wakiwa hai waliendelea kukataa chakula mikononi mwa Serikali, hadi Juni 2023 makumi yao wakashtakiwa kwa kujaribu kujiua. Msitu walikuwa wameuacha, mlinzi hayupo, chakula kiko mezani. Kama kutoka kungekuwa ni suala la mlango kuwa wazi, wangekula.

Najua jibu litakalokuja: mbona wengine wanatoka? Kweli wanatoka, na inafaa tuangalie wanavyotoka. Mbunge wa Marekani, Leo Ryan, alipofika Jonestown nchini Guyana Novemba 1978, wafuasi kadhaa wa mhubiri Jim Jones waliokuwa kimya kwa muda mrefu walijitokeza kuomba waondoke naye. Akili zao hazikuongezeka usiku mmoja. Walipata mtu wa nje na ndege ya kupanda. Ryan aliuawa kwa risasi kwenye uwanja mdogo wa ndege pamoja na wengine wanne, mmoja wao akiwa miongoni mwa waliokuwa wanaondoka, na siku hiyohiyo zaidi ya watu 900 wakafa, wengi kwa sumu. Mawili yanafuata hapo. Anayetoka huhitaji mtu wa kumpokea, na wakati wa kutoka ndio wakati wa hatari kubwa kuliko wote. Anayesema angetoka tu kana kwamba anazungumzia kushuka kwenye daladala hajui anachokisema.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inamwondolea mtu mzima wajibu wake. Haimwondolei. Mzazi anayemzuia mtoto asipelekwe zahanati atajibu mbele ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, awe ameambiwa na nabii au na nani. Ila wajibu hupimwa kwa uwezo, na uwezo wa mtu aliyetengwa na jamaa, akanyang'anywa simu na kuambiwa kila swali ni roho ya uasi, hauwi sawa na wa anayemhukumu akiwa kijiweni na chai mkononi. Na watoto je? Polisi wa Mwanza walipomkamata Diana Bundala, aliyejiita Mfalme Zumaridi, Februari 2022, nyumbani kwake walikutwa watu wengi na miongoni mwao watoto. Mtoto hakujitakia. Anayerudia kauli ya kujitakia ameshawahukumu na hao.

Wengine wataona hapa vita dhidi ya dini. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa imani, na uhuru huo unataja pia haki ya mtu kubadilisha dini au imani yake. Uhuru wa kuingia usio na uhuru wa kutoka ni nusu ya haki. Kufunga, kutoa zaka, kukesha na kumheshimu mchungaji au shehe ni mambo ya kila dini, wala si dalili ya ubaya. Kipimo ni kinachompata anayeondoka. Muumini wa Katoliki, KKKT, AIC au Sabato akiacha kuonekana, kwa kawaida atatembelewa, ataombewa, pengine atasemwa. Mkewe hataamriwa amkimbie, na kadi ya kliniki ya mwanawe haitafungiwa kwenye kabati la mchungaji. Kipimo hicho hakiangalii ukubwa wa jengo wala cheti cha usajili. Kikundi kidogo chini ya mwembe kinaweza kukishinda, na kanisa kubwa lenye vipaza sauti likashindwa.

Na wapo wanaoitupia Serikali kila kitu: ifunge tu makanisa ya namna hii. Kuyafunga kuna mahali pake. Julai 2024 Msajili wa Jumuiya alilifuta kanisa la Dominique Dibwe, aliyejulikana kama Kiboko ya Wachawi, huko Buza, Dar es Salaam, ambako waumini walitozwa Sh500,000 kwa maombezi. Lakini kanisa la Mackenzie lilifungwa mwaka 2019, naye akawahamishia watu msituni. Mwaka 2025, wakati kesi yake ikiendelea, miili mingine ilifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti hiyohiyo ya Kilifi. Amri ya Serikali inaweza kumwondoa nabii kwenye jengo. Haiwezi kumrudishia muumini jamaa aliowapoteza. Kazi hiyo ni yetu.

Kwa hiyo, wewe unayepima kama uondoke, jiulize haya. Naweza kuuliza swali bila kuambiwa nina pepo? Naweza kukosa ibada wiki mbili nikaenda msiba wa nyumbani? Kitambulisho changu cha NIDA, simu na fedha ya dhahabu niliyoichimba viko mkononi mwangu? Kama jibu ni hapana, tatizo si udogo wa imani yako. Usitangaze unakokwenda. Mpe mtu wa nje unayemwamini vyeti vya watoto na kadi zao za kliniki kwanza, kisha umwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au dawati la jinsia na watoto la polisi. Mtoto akiwa hatarini, namba ya simu ni 116.

Na wewe uliye nje, ambaye ndiye niliyekuandikia zaidi, usikate simu ya ndugu yako hata akikuita mchawi. Mpelekee habari za msiba na za harusi. Siku akigonga usiku na kifurushi kimoja, usimuulize kiwanja kiko wapi. Mpe chakula na mahali pa kulala, maswali yatasubiri. Anayetaka kuendelea kusema angetoka mwenyewe aonyeshe kwanza ni nyumba ipi iliyomwachia mlango wazi.